Shingo ya Ainembabazi

Chonyonyo nzima, ukiwa na binti anayekuja kuonwa na wakwe, unamwita Placidia. Mama huyu alikwisha kuwaandaa mabinti tisa, wa ukoo na wa majirani, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Mwenye kigugumizi, Placidia alimfundisha kutabasamu badala ya kujibu. Mwenye mguu mfupi alimkalisha kabla wageni hawajafika, akamnyanyua wageni walipokwisha kupotelea migombani. Mmoja alikuwa mvivu wa kutupwa, naye Placidia alimpaka masizi mikononi ili aonekane ametoka jikoni sasa hivi. Hakuona kwamba huo ni uongo. Kwake yeye kazi ya shangazi ni kuonyesha upande ulio mzuri, na upande wa pili wataukuta wenyewe huko mbele, wakishazoeana.

Kwa hiyo zilipofika habari kwamba daktari bingwa wa macho anakuja hospitali ya misheni kwa siku nne, na kaka yake Gaudiosus akamwomba amsindikize binti yake Ainembabazi, Placidia hakuuliza daktari anataka nini. Alijua. Mtu mzito anatoka mbali kuja kumtazama binti. Basi binti aandaliwe.

Ainembabazi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na macho yake yalikuwa yanacheza tangu akiwa mchanga. Yalikwenda kulia na kushoto, haraka haraka, hayatulii hata akiwa amekaa kimya. Juu ya hayo, jicho la kulia lilikuwa na kengeza, limeegemea puani. Akitaka kuona kitu cha mbali aligeuza uso kushoto, akakitazama kwa pembe ya kulia ya macho, na hapo macho yalipunguza kucheza akaona. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wenyewe ulikuwa umegundua.

Ila watu hawakujua habari za mwili. Walichoona ni msichana anayewatazama kwa pembeni. Alipata kazi duka la vifaa vya ujenzi pale Omurushaka, akaachishwa baada ya miezi miwili kwa sababu wateja walisema anawajibu huku amewageuzia shavu. Mwenye duka alikiri kwamba miezi hiyo miwili hakuibiwa hata msumari, maana wezi walishindwa kujua binti anaangalia wapi, lakini alimwachisha hivyo hivyo. Mwalimu wa kwaya alimhamisha mara tatu, akitafuta mahali ambapo angalau angeonekana anamtazama yeye. Ndoo ya maji aliibeba uso ukielekea migombani na miguu ikielekea nyumbani, na ikifika jioni shingo inamuuma mpaka anashindwa kulala ubavu anaoupenda.

Placidia aliyajua yote hayo, maana baada ya kufiwa na mume alirudi kuishi kwa kaka yake, na binti huyo ni yeye aliyemlea kwa mikono yake. Akatengeneza kijiti cha mwanzi, akakifunga kwa kitambaa kwenye bega la kushoto la Ainembabazi, kimesimama usawa wa shavu. Kichwa kikigeuka, kijiti kinamchoma. Kila asubuhi na kila jioni, wiki mbili mfululizo, binti alikaa kwenye kigoda akitazama mgomba ulio mbele yake, na Placidia amesimama nyuma na neno moja tu mdomoni, lile alilomwambia tangu utotoni.

"Shingo," alisema. Na baada ya dakika, tena, "Shingo."

Gaudiosus alikuwa akiondoka kwenda kwenye kahawa zake ili asione. Mke wake, Felicitas, alijikaza siku moja akauliza, "Wifi, lakini daktari si anataka kuuona huo ugonjwa?"

"Ugonjwa ni jicho lililolala puani," Placidia akamjibu. "Hilo ataliona hata akiwa amesinzia. Shingo si ugonjwa. Shingo ni tabia, na tabia mbaya hatuipeleki kwa wageni."

Felicitas akarudi jikoni, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumshinda wifi yake kwa maneno. Mwisho wa wiki ya pili kijiti kiliondolewa na shingo ikabaki wima kama imepigiliwa. Wakawekeana ishara: Placidia akikohoa, maana yake shingo imeanza kuponyoka. Na sheria ya mwisho, ile ya mabinti wote tisa: akiulizwa kitu, anayejibu ni shangazi.

*

Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa tangu alfajiri. Walikaa karibu na mzee mmoja mchangamfu aitwaye Manirakiza, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetoka Kibingo, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Alimpa Placidia shikamoo ingawa yeye ndiye aliyemzidi, kwa miaka kumi na mitano, akaeleza kwamba siku hizi anawapa watu wote shikamoo kwa sababu haoni ni nani.

Mlango wa chumba cha vipimo uliachwa wazi, na kutoka kwenye benchi Placidia aliiona chati ukutani, ile yenye alama za E zilizogeuzwa huku na huku, ambayo mgonjwa huonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Macho ya Placidia yalikuwa mazima kabisa. Akaikariri chati yote mstari kwa mstari, akaipa tuni ya kwaya ili isisahaulike, akaanza kumwimbisha Ainembabazi kwa sauti ya chini. Juu, kulia, chini, chini, kushoto. Binti aliimba kwa kuwa ameambiwa aimbe. Mzee Manirakiza naye akaitikia sauti ya nne, bila kuuliza ni wimbo wa sikukuu gani.

Walipoitwa, Placidia alikuta daktari ni binti mdogo tu, mwembamba, mzaliwa wa Bugomora, jina lake Dakta Mackrine. Alisimama kumsalimu Placidia kwa Kinyambo, akampa shikamoo na kiti. Placidia akampenda papo hapo. Akatoa kwenye kikapu kifurushi cha jani la mgomba chenye akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna anazopewa mgeni wa heshima, akaziweka mezani juu ya makaratasi ya hospitali. Daktari akachukua mbili, akatafuna, kisha akaanza kuuliza.

Binti anaumwa shingo? Placidia akajibu kwamba haumwi, kwao hakuna anayeumwa shingo. Huwa anageuza kichwa akitazama mbali? Hageuzi. Anapenda kukaa upande fulani kanisani? Anakaa popote anapowekwa, ni mtoto mtiifu. Analala vizuri, anakula vizuri? Analala, anakula, analima, anapika bitoke, ndizi za kwao, vikalainika, na hajawahi kujibizana na mtu. Dakta Mackrine aliacha kuandika akamtazama Ainembabazi, kama anayesubiri jambo. Ainembabazi akatazama mbele, shingo wima.

Mtaalamu wa vipimo aliyeitwa Adelard akamweka binti mbele ya chati. Daktari akashika vioo vya prizimu, akaanza kufunika jicho moja na kulifunua jingine. Mara kichwa cha Ainembabazi kikaanza kuvutika kushoto, polepole. Placidia akakohoa. Kichwa kikarudi. Kikavutika tena, Placidia akakohoa kwa nguvu zaidi. Mara ya tano daktari aliweka vioo mezani.

"Mama, hicho kikohozi kina muda gani?"

Placidia hakutegemea kuulizwa habari zake. Akahesabu tangu siku ya kijiti na kusema alichodhani ni ukweli, mara ya kwanza siku ile. "Wiki mbili."

Daktari na Adelard wakatazamana. Daktari akauliza kama amepungua uzito. Placidia akasema labda kidogo, kwa mawazo ya huyu mtoto. Basi. Kufumba na kufumbua alikuwa nje, amevalishwa barakoa, amekalishwa kwenye benchi la peke yake upande unaopita upepo, mkononi ana kikopo cha plastiki cha kutemea makohozi, chenye jina lake, na nesi anamweleza kwa upole kwamba kifua kikuu siku hizi kinatibika na si jambo la aibu. Watu waliokuwa wamekaa karibu na benchi lile waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Yeye, Placidia wa Chonyonyo, anakimbiwa. Alitaka kuwaambia ni kikohozi cha kazi, lakini angeanzia wapi.

Huko ndani Ainembabazi aliishikilia shingo yake wima bila kukoholewa na mtu. Alipotoka na daktari, karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Dakta Mackrine akawaeleza taratibu. Binti amesoma chati vizuri ajabu, na kichwa hakijageuka. Kwa hiyo jicho la kushoto, ambalo ndilo linaloongoza, hataligusa. Atanyoosha lile la kulia tu. Kesho asubuhi atapima mara ya pili, na vipimo viwili vikilingana, binti ataingia chumba cha upasuaji saa nne.

"Visipolingana namrudisha nyumbani mpaka kambi ijayo ya macho," akamalizia. "Misuli ya jicho siikati kwa kubahatisha."

Placidia akamshukuru kwa mikono miwili, barakoa ikiwa puani. Binti wa kumi amepita. Akageuka kumpongeza na kumkuta Ainembabazi analia kimya, machozi yanashuka moja kwa moja mashavuni. Placidia hakushtuka. Mabinti wote tisa walilia siku kama ile.

*

Adelard alikuja kuchukua kikopo akakikuta kikavu. Alikuwa na hali ya kucheka, akamweleza kisa chake. Kuna mzee amesoma chati yote bila kukosea hata alama moja, mpaka mstari wa mwisho ambao yeye Adelard mwenyewe hajawahi kuusoma. Daktari akamwambia mzee macho yako ni mazima, nenda nyumbani salama. Mzee akashukuru, akaaga, akafungua kabati la dawa akaingia akidhani ni mlango. Sasa daktari ameagiza kesho iwekwe chati nyingine.

Placidia hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, hivi shingo ya mgonjwa inahusiana nini na macho.

Adelard alikuwa kijana anayependa kuulizwa. Akakaa mwisho wa benchi, mbali kidogo kwa ajili ya kikohozi, akaeleza. Macho yanayocheza huwa na kona yake ya kutulia. Mtu akiyapeleka macho kwenye kona ile, yanapoa, anaona. Sasa kona ikiwa pembeni, mtu analazimika kugeuza kichwa ili kona ikae mbele. Hawezi kujizuia, ni kama vile wewe unavyofinya macho juani. Kazi ya daktari ni kuisogeza misuli ya lile jicho linaloongoza ili kona ihamie mbele, kichwa kirudi chenyewe. Likishakaa hilo, ndipo jicho la pili linanyooshwa lilifuate.

"Ukianza na la pili," Adelard akasema, "ni kujenga milango kabla hujajua nyumba itatazama wapi."

"Na mnajuaje kona iko wapi?"

"Shingo ndiyo inayotuambia. Tunapima kichwa kimegeuka nyuzi ngapi, ndipo daktari anajua asogeze milimita ngapi. Huyu wa kwako ana bahati, hana kona."

Placidia akamsogelea kwenye benchi. Akauliza, na kama mtu anayo lakini haikuonekana? Adelard akainua mabega. Basi jicho litanyooshwa na shingo itabaki na mtu wake hadi kaburini, na kurudia kupasua misuli iliyokwisha kukatwa ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Akachukua kikopo kikavu, akamshauri ajaribu tena asubuhi kabla ya kupiga mswaki, akaenda zake.

Mama wa watu alibaki amekaa. Tuseme akienda kusema ukweli, vipimo havitalingana, na Ainembabazi atarudishwa nyumbani mpaka kambi ijayo, ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Binti wa kwanza kurudishwa mikononi mwa Placidia. Na akinyamaza, kesho saa nne wataliacha jicho linaloongoza na kukata lile jingine, kwa sababu ya kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Aliogopa. Hajaogopa hivyo tangu siku ya kumzika mume wake.

Alimkuta Ainembabazi nyuma ya wodi, kwenye bomba, anaosha sahani zao. Alikuwa anawatazama kunguru kwenye bati la jiko, hajui kama kuna mtu, na uso wake ulikuwa umegeukia kushoto kabisa, umetulia. Placidia hakukohoa.

"Ulikuwa unajua?" akamuuliza. "Alivyosema daktari, ulielewa kwamba shingo itabaki?"

"Nilielewa." Shingo ilikuwa imekwisha kurudi wima.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Ainembabazi akasuuza sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Ulisema anayejibu ni wewe," akasema.

*

Dakta Mackrine alikuwa anakunywa chai ya saa kumi na wasaidizi wake wakati Placidia alipoingia bila kubisha, akapiga magoti sakafuni kama mtu aliyekuja kuposa. Akasema yote. Kijiti, wimbo, mgomba wa kutazamia, ndoo ya maji, duka la Omurushaka. Akasema na kikohozi, kwamba hana kikohozi, hajawahi kukohoa mwaka huu, wamfute kwenye daftari la kifua kikuu tafadhali. Akasema na habari za mzee wa kabatini, arudishwe haraka kabla hajapanda gari. Adelard aliweka kikombe chini akatoka mbio kumfuata.

Daktari hakucheka wala hakufoka. "Mimi si mkwe, mama," alisema. "Wakwe wanatafuta dosari ili wakatae. Mimi naitafuta ili nijue pa kuanzia."

"Nimekosa, waitu," Placidia akamsihi kwa Kinyambo cha heshima. "Usimrudishe. Adhabu nipe mimi."

Daktari akatazama saa. Bado kuna mwanga, akasema. Kile cha asubuhi anakitupa, hakikuwa kipimo bali maigizo. Atapima sasa, atapima tena kesho. Hivi viwili vikilingana, atampasua. Visipolingana, hata wakipiga magoti ukoo mzima, atamrudisha.

Wakamtoa Ainembabazi kwenye baraza la wodi, penye uwanja mrefu mbele. Daktari akamwambia atazame tangi la maji kule mwisho, ageuze kichwa anavyojisikia, kama kawaida yake. Ainembabazi akatazama. Shingo wima. Akaambiwa alegeze mabega. Akalegeza mabega, shingo ikabaki wima. Akaambiwa ajaribu kugeuza, akageuza kulia, upande usiohusika kabisa, akaomba radhi. Wakamwonyesha mbuzi wa hospitali, bendera, pikipiki ya mchungaji. Vyote alivitazama kama askari kwenye gwaride, macho yakicheza na machozi yakimlenga, na alipoulizwa anaona nini akasema haoni vizuri. Wiki mbili za kijiti zilikuwa zimefanya kazi barabara.

Placidia alikuwa anamsihi kutoka nyuma. Geuza, mwanangu, geuza tu, mimi nimeruhusu. Kila alipofungua mdomo shingo ilizidi kukaza.

"Anakusikiliza wewe," Dakta Mackrine akamwambia. "Akisikia sauti yako hawezi kujisahau. Nenda mbali."

Placidia akaenda. Aliuvuka uwanja mpaka kwenye tangi, hatua sitini, akawapita wagonjwa waliokaa juani na bandeji zao, akageuka. Kutoka pale binti alionekana mdogo, amesimama wima vilevile. Daktari alikuwa ameinama na kipimapembe chake, anasubiri. Jua lilikuwa linakwenda. Ajisahau, Placidia akawaza, ajisahau kwa nini? Mtoto aliyechungwa namna ile anaweza kujisahau kwa kitu gani, isipokuwa kitu ambacho hajawahi kukiona tangu azaliwe?

Akafungua kitenge cha mabegani akakifunga kiunoni. Akanyanyua mikono juu, vidole vimekunjuka, pembe za ng'ombe wa Kinyambo, na katikati ya uwanja wa hospitali, bila ngoma wala filimbi, akaanza kucheza.

Placidia alikuwa na miaka hamsini na tisa na hajawahi kucheza mbele ya watu. Harusi zote tisa alikaa kwenye kiti, anaangalia wengine wanavyojidhalilisha. Kwa hiyo hakuwa anajua kucheza, na hilo lilionekana. Mguu mmoja ulikuwa unatangulia, mwingine unakuja kuuliza kuna nini. Kiatu kikatoka. Kilemba kikashuka kikamziba jicho, naye hakuthubutu kushusha mikono kukirudisha. Wagonjwa wakaanza kuinuka. Wapishi wakatoka na miko yao. Mzee Manirakiza, aliyekuwa anarudishwa kwa kushikwa mkono, akamuuliza Adelard kuna nini, akaambiwa kuna mama anacheza. Anacheza vizuri? akauliza. Adelard akasema hapana.

Placidia aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaendelea. Kwa jicho lile moja lisilozibwa alimtafuta Ainembabazi barazani, na akamwona ameshika mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Binti alikuwa anacheka. Akasogea mbele hatua moja ili aone vizuri, akasogea nyingine, na uso wake ukageuka, ukaenda kushoto, ukaenda mpaka ulipozoea kwenda, ukatulia hapo. Daktari akaweka kipimapembe juu ya kichwa chake na yeye hata hakuhisi.

"Thelathini," daktari akamwambia Adelard, aliyekuja akihema. "Andika nyuzi thelathini."

Hakuna aliyekumbuka kumwambia Placidia aache. Alicheza mpaka nesi alipomfuata na kiatu.

*

Alidhani imekwisha. Alikuwa amesahau kipimo cha pili. Asubuhi, chati mpya ukutani, Ainembabazi alipoona prizimu tu shingo ikasimama, na Dakta Mackrine akageuka akamtazama Placidia. Placidia akavua viatu mwenyewe, ili visimsumbue. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Uwanja ulikuwa na watu wa wodi zote, na fundi wa bomba alileta dumu la maji kumpigia. Kwa dumu alicheza vibaya zaidi, maana sasa kulikuwa na mapigo ya kukosea.

Nyuzi thelathini. Daktari akarudia kupima kwa mkono mwingine, akapata thelathini. Akakaa akachora upya ukurasa mzima: jicho la kushoto kwanza, msuli wa ndani urudishwe nyuma na wa nje ukazwe, kisha jicho la kulia linyooshwe kwa yale yatakayobaki. Alimweleza Ainembabazi, si Placidia, kwamba macho hayataacha kucheza kabisa, na kwamba hatasoma herufi ndogo kuliko alizokuwa anasoma. Kitakachohama ni kona. Ainembabazi akasema ameelewa. Saa nne wakamchukua.

Placidia alikaa nje kwa muda wa saa mbili na nusu. Mzee Manirakiza alikuwa karibu naye, zamu yake inafuata, akijaribu kukumbuka ule wimbo wa chati ili amfurahishe. Placidia alimwomba asiimbe.

Kesho yake bandeji zilitolewa. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi siku nzima, yamevimba, yanatoa maji. Dakta Mackrine akamwambia Ainembabazi atazame mbele, kule mlangoni, alikosimama shangazi yake. Ainembabazi akatazama. Akaanza kugeuza uso kwa mazoea, akasita, akaurudisha taratibu kama anayetafuta swichi gizani, ukatua katikati. Kidevu mbele, pua mbele, na macho mawili yameelekea mlangoni, yakitikisika kidogo tu.

Miaka ishirini na mitatu Placidia alikuwa amemlea mtoto huyu, na ilikuwa mara ya kwanza kutazamwa naye uso kwa uso bila yeye kukohoa wala kukemea. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Daktari aliuliza, kwa mazoea, kama mgonjwa amelalamika maumivu usiku. Alimuuliza Placidia. Placidia alikuwa na jibu, tena refu. Akalimeza.

"Muulize mwenyewe, dakta," akasema. "Mimi nimejibu vya kutosha."

Ainembabazi akasema yanauma, hasa la kushoto, na akilifunga linakwaruza kama lina mchanga. Daktari akaandika, akasema ni kawaida, akaahidi dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Wakabaki wawili. Binti hakuwa ameondoa macho mlangoni.

"Nimekukasirikia, shangazi," akasema. Sauti ilikuwa ya chini na haikutetemeka. "Si kwa wiki mbili. Kwa miaka yote. Nilikuwa naona vizuri, wewe unaniambia shingo. Nanyoosha shingo, sioni kitu, wewe unafurahi."

Placidia alisimama pale mlangoni na kikapu chake. Yapo maneno ambayo mtu mzima wa Chonyonyo hamwambii mtoto aliyemlea, na hakuwahi kumsikia hata mama yake akiyasema. Akaweka kikapu chini.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Niliona aibu. Aibu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe."

Ainembabazi alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hayo yalikuwa yanatoka tangu bandeji zilipofunguliwa, hivyo haikujulikana ni ya nini. Kisha akaegemea mto.

"Naomba chai," akasema. "Isiwe ya moto sana."

Placidia akaenda kumletea chai.